Kura Yangu, Kati ya Cherehani na Ubao

Soweto, Jumapili, Machi 2004

Mvua ya mchana imepiga kwa hasira, kisha ikaondoka kama mtu aliyekosea nyumba. Sasa jua limetoka, mabati ya jirani yanafuka mvuke, na mimi situlii. Nimepika, nimefua, nimepiga pasi hata mashuka, kazi ambayo siifanyi isipokuwa nikiwa na jambo moyoni. Mwishowe nimekuja kukaa mbele ya kompyuta. Shajara yangu ya mtandaoni, leo nisikilize wewe, maana wa humu ndani nimeshawachosha.

Mwezi ujao tunapiga kura. Sijui nimpe nani.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni Rehema, mzaliwa wa Morogoro. Niliolewa na Themba alipokuwa mkimbizi wa kisiasa kule kwetu, na milango ya kwao ilipofunguliwa tukahamia huku, binti yetu Neema akiwa bado mtoto mdogo. Uraia ninao. Kizulu ninaongea, ingawa majirani bado wanacheka namna ninavyozitamka zile herufi zao za kugonga ulimi. Themba anafanya kazi ofisi ya maji. Mimi nina karakana ya kushona kule Doornfontein, katikati ya Johannesburg, chumba kimoja ghorofani, vyerehani vitatu, mimi na mafundi wangu wawili. Tunashona sare za shule.

Majina ya vyama sitayaandika. Humu wanasoma watu wa kila chama, na ninataka kuendelea kusalimiana nao. Wagombea nao nimewapa majina mengine.

Nianzie karakanani. Biashara ya sare ilikuwa nzuri. Kila ikikaribia kufunguliwa shule tulikuwa tunashona mpaka vidole vinakufa ganzi. Kisha zikaingia sare za kwenye makontena, zimeshonwa tayari, zimekunjwa ndani ya nailoni, na bei yake iko chini ya ile ninayonunulia kitambaa kitupu. Shule moja ikaniaga kwa heshima. Nyingine haikuniaga hata. Januari hii mafundi wangu walikuwa wanakuja asubuhi, wanafuta vumbi kwenye vyerehani, wanapiga soga, wanarudi makwao. Mmoja ni Furaha, mama wa Bukavu, mjane, ana watoto. Nilikuwa naona aibu kumtazama usoni, naye anaona aibu kunitazama mimi.

Mwezi uliopita akaja Bwana Motsamai.

Anagombea bunge la jimbo. Yeye na Themba walisoma darasa moja hapa hapa Soweto, kabla Themba hajakimbia nchi. Alipanda zile ngazi zetu mwenyewe, bila msururu wa wapambe, akaingia, akashika shati nililokuwa naliwekea kola, akaligeuza upande wa ndani kuangalia mshono. Mtu anayegeuza nguo kuangalia mshono mimi humpenda papo hapo. Akasema wakishinda, shule za serikali za jimbo hili zitatakiwa kununua sare kwa washonaji wa humu humu. Si kwa maneno, kwa sheria. Akaniomba niende kwenye mkutano wa wagombea katika ukumbi wa shule ya Neema, nisimame dakika chache, niwaeleze watu sera hiyo itanisaidia vipi.

Nilikubali kabla hajamaliza kuomba. Furaha alipiga vigelegele mpaka wanafunzi wa chuo cha jirani wakasimama chini barabarani kutazama juu dirishani kwetu.

Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba nilikwenda mkutanoni nikiwa na kinyongo na Motsamai. Nilikwenda nikiwa wake.

Lakini kuna Mwalimu Ilunga.

Neema yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, ule wanaouita matriki. Anataka kuwa mhandisi wa maji. Mwaka jana darasa lao lilikaa miezi na miezi bila mwalimu wa hesabu. Yule wa zamani alipata kazi benki, akaenda, nani angemlaumu. Mkuu wa shule akawa anawashauri watoto waache hesabu, wachukue masomo mepesi, wasije wakaharibu matokeo ya shule. Neema alikuwa anakaa na kitabu mezani, anafuta, anaandika, anafuta, mpaka karatasi inatoboka. Baba yake akimsaidia wanaishia kununa wote wawili. Mimi ndiyo kabisa, hesabu zangu zinaishia kwenye futikamba.

Ndipo akaajiriwa huyu Ilunga, mtu wa Lubumbashi, mkimbizi mwenye shahada yake na kibali chake cha kufanya kazi. Mkataba wake ni wa muda, unahuishwa muhula kwa muhula. Mwanzoni watoto walimcheka kwa kile Kiingereza chake chenye Kifaransa ndani. Hawakucheka kwa muda mrefu. Neema, ambaye Kiswahili anakielewa chote lakini anakijibu kwa Kiingereza, alirudi siku moja akaniambia kwamba Mwalimu Ilunga akieleza jambo, hata madawati yanaelewa. Nikacheka. Halafu nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Sasa mkutano wenyewe. Ulikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita. Nilivaa gauni langu la kitenge, na mkononi nilibeba sare kamili niliyoishona mwenyewe: sketi, shati, sweta, vyote vimepigwa pasi. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mama Dlamini, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mwanamke mwenye sauti nzito asiyependa mchezo, alitangaza kwamba wagombea hotuba zao za kampeni waziache nje kwenye magari yao. Kila mgombea atajibu mambo mawili tu. Elimu ya watoto wetu utaifanya nini? Kazi kwa watu wetu utazitoa wapi?

Akaanza Bibi Fortuin, mgombea wa chama kingine. Mwanamke mwembamba, miwani, hatabasamu ovyo. Alisema uchumi haukui mahali ambapo watoto hawajui hesabu. Viwanda vitakwenda kwingine, na hiyo ndiyo habari yote. Akasema akipewa nafasi watafuta walimu wa hesabu na sayansi popote walipo, wawe wa hapa, wawe wa nchi nyingine, wapewe mikataba ya miaka, si ya muhula. Moyo wangu ukaruka. Nilimgeukia Themba, lakini alikuwa anatazama mbele.

Kisha mzazi mmoja akamuuliza juu ya bei ya sare. Bibi Fortuin akasema kila shule inunue pale penye bei ndogo, mzazi apumue, na mipaka ya biashara ibaki wazi. Mtu akauliza, na washonaji je? Akasema watapewa mafunzo wahamie kazi nyingine. Alisema hivyo akiwa anafunua ukurasa.

Kazi nyingine. Nilitazama ile sare mapajani pangu.

Motsamai yeye alisimama, akaacha kipaza sauti, akaongea kwa koo lake. Anajua kuongea na watu, hilo siwezi kumnyima. Alisema shule za maskini zisitoze ada. Alisema mtoto hawezi kujifunza na njaa, apewe chakula shuleni. Alisema nchi inayonunua kila kitu nje inajifukuza kazi yenyewe, serikali ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote, na ianze kununua kwa watu wake. Nilikuwa napiga makofi. Themba alikuwa anapiga makofi. Halafu, kwa sauti ile ile ya joto, akasema vivyo hivyo kwa walimu: nafasi za kufundisha ni za watoto wa nchi hii kwanza, na mikataba yote ya muda ya wageni itafika mwisho wake mwezi Juni.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mikono yangu mimi ilibaki hewani.

Nataka niandike haki hapa, kwa sababu ni rahisi kuwasimulia wale watu kama wabaya. Msichana mmoja alisimama nyuma, anaitwa Lerato. Amemaliza chuo cha ualimu, anakaa nyumbani tangu hapo. Alisema kila asubuhi mama yake anampigia pasi blauzi, ikitokea ameitwa kazini. Alipofika hapo akashindwa kuendelea, akakaa. Hakuna aliyecheka. Watu hawakuwa wanampigia makofi Motsamai peke yake. Walikuwa wanampigia makofi Lerato, na kila nyumba ilikuwa na Lerato wake.

Ndipo nikaitwa.

Nilipanda jukwaani na sare yangu. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno ya shukrani mbele ya kioo, kwa Kizulu safi. Nikayasema. Nikaonyesha mshono. Nikasema ni kweli, sera hii ya Bwana Motsamai itarudisha kazi kwenye vyerehani vyangu, na ninamshukuru. Ningeshuka hapo, leo ningekuwa mtu mwenye raha.

Sikushuka. Nilisema: "Lakini baba, nina swali. Darasa la matriki hapa linafundishwa hesabu na Mwalimu Ilunga, na mkataba wake ni wa muda. Akiondoka Juni, nani atawafundisha watoto hawa mpaka mtihani?"

Motsamai akatabasamu. "Tutampata mtu, mama."

"Nani?"

"Tutampata."

"Mwaka jana hakupatikana."

Minong'ono ikaanza. Motsamai akanyanyua mkono, akawageukia watu, akasema kwa upole kabisa: "Mama yetu huyu naye ni mgeni. Tulimpokea, tukamkaribisha. Mgeni huwa anamtetea mgeni mwenzake, tumwelewe."

Watu wakacheka kidogo. Si kicheko cha ubaya, kicheko cha nyumbani tu. Nilibaki nimesimama na sketi mkononi. Nimezika mama mkwe katika ardhi hii. Nimeshona sare za nusu ya watoto waliokuwa mle ukumbini.

Mgeni.

Nilipokuwa nashuka, kijana wa kampeni ya Bibi Fortuin, mwenye kamera, alinifuata, akataka nipige picha na bosi wake. Bibi Fortuin mwenyewe akaja, akaniambia nimesema vizuri sana. Nikamuuliza, basi na mimi uniambie, mafundi wangu wale kazi gani nyingine? Akasema soko litaamua. Nikamwambia asante, picha sipigi.

Njiani kurudi nyumbani Themba ndiye aliyekuwa anaendesha. Kwenye roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, ikawaka kijani, naye bado amekaa, gari la nyuma likapiga honi. Ndipo akasema, kwa kile Kiswahili chake cha Morogoro ambacho hukitumia akiwa ameumia, "Ungeniambia kwanza, Mama Neema. Yule ni rafiki yangu."

Nikamjibu sikujua kama nitasema. Ni kweli. Lakini pia nilitaka aniambie jambo moja kuhusu lile neno "mgeni", na hakuniambia. Tukaingia ndani, yeye akapitiliza uani, mimi nikaenda jikoni.

Kama ingeishia hapo, ningejihesabu shujaa. Haikuishia hapo.

Jumatatu jioni Mwalimu Ilunga alikuja karakanani. Sikuwahi kumwona akiwa amekasirika, na hata siku ile hakupaza sauti. Alibaki amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Nilimpa kiti, akakikataa.

"Mama Neema," akasema, "ulitaya jina yangu mbele ya batu. Mi sikukutuma."

Nikasema, Mwalimu, nilikuwa nakutetea.

"Sasa bazazi bamoja banaenda kwa directeur ya shule, banataka kuona makaratasi yangu yote tena. Iko sawa, mama, hakuna ya bongo, yote ni ya kweli. Lakini ile ya ukimbizi inaishia mwezi ya sita, na kule ofisi banasemaka tu nirudilie, nirudilie. Mi nilikuwa najikalia chini, nafundisha. Hakuna mutu alikuwa ananiona."

Furaha aliacha kushona. Chumba kizima kilikuwa kinanitazama, hata vyerehani. Nikasema, "Nisamehe, Mwalimu."

"Pardon peke yake haitoshe, mama. Moto uliwasha, saidia kuzimisha." Akavaa kofia yake, akashuka ngazi.

Niseme ukweli, maana hapa nisiposema nitasema wapi. Pale jukwaani sikumfikiria Ilunga hata kidogo. Nilimfikiria Neema. Jina la mwalimu lilinitoka kama mtu anavyotoa uzi mfukoni. Sikujiuliza kama ni wa kwangu. Yeye alikuwa amejificha ndani ya kazi yake kama wengi wetu tunavyojificha mjini hapa, na mimi, mwenye pasipoti, nikamwashia taa.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilimwambia Themba yote. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kamati ya wazazi inakutana lini. Nikamwambia Alhamisi. Akachukua koti, akaenda kazini.

Hapo katikati nilimtafuta Mama Dlamini. Nilimkuta anamwagilia mboga zake. Nilitegemea anikaripie, na kweli alinikaripia: kwamba mkutano ule alikuwa ameupanga vizuri na mimi nikaugeuza harusi yangu. Kisha akanipa kiti na chai. Akanieleza jambo ambalo sikulijua miaka yote hii: kamati ya wazazi ina haki ya kumwajiri mwalimu yenyewe, kwa michango yao, hata kama jimbo halimtaki au halijali. Akasema, "Eish, lakini watu wakubali. Na baada ya ulichofanya, hawana hamu na wewe."

Alhamisi saa kumi na moja jioni tulikaa kwenye viti vya watoto katika darasa la jiografia, magoti yakigusa meza. Nilikuwa nimejiapiza kutofungua mdomo. Mzazi mmoja akasema hana neno na Mkongo, ila kwa nini tuchangie wakati vijana wetu wapo? Mwingine akasema serikali ijayo italeta mtu, tusubiri. Mwingine akanitazama mimi, kisha akasema wengine hapa wanatetea ndugu zao.

Ndipo Themba akasimama. Mume wangu si msemaji. Kwenye misiba huwa anatafutiwa udhuru asiseme. Aliinuka kutoka kile kiti kidogo kama mtu anayejikwamua matopeni, akaongea Kizulu, taratibu.

Alisema alifika Morogoro akiwa kijana, hana cheti, anaota ndoto za risasi. Walimwingiza darasani. "Mwalimu aliyenifundisha aljebra alikuwa Mtanzania," akasema. "Hakuniuliza natoka wapi. Aliniuliza nimefika ukurasa gani." Tukadhani amemaliza. Kisha akasema, "Walimu wao nao walikuwa hawatoshi. Watoto wao nao walikuwa wanasubiri. Lakini nilipewa dawati. Na huyu mke wangu mliyemcheka Jumamosi, nami nikiwa nimekaa kimya, kwao waliponiita mgeni walikuwa wananiletea chakula."

Akakaa. Sikuweza kumtazama. Nilitazama ramani ya mito ukutani mpaka mito ikachanganyika.

Kamati ilikubali. Si wote, wawili walitoka nje wakibamiza mlango, na mmoja wao ndiye jirani yangu wa kuombana chumvi. Lakini walikubali Ilunga alipwe na wazazi mpaka mitihani ya mwisho ipite, na Mama Dlamini atakwenda naye mwenyewe kule ofisi ya wakimbizi. Akasema kama watamwambia arudi tena, watamwambia mbele yake.

Kwa hiyo nilipaswa kuwa na furaha.

Ijumaa Mwalimu Ilunga alimpa Neema ujumbe aniletee: anashukuru, atabaki na darasa hili mpaka mtihani. Baada ya hapo anakwenda Durban, kuna shule ya binafsi inamtaka. Neema alinieleza huku anakula, kwa Kiingereza chake cha haraka, kisha akaacha kijiko, akaniuliza kwa Kiswahili, jambo analolifanya mara moja kwa mwaka: "Na wa madarasa ya chini yetu, Mama? Watafundishwa na nani?"

Nilimwambia ale.

Na jana nilikutana na Lerato kwenye spaza, kiduka cha Msomali pale kona. Nilitaka kujificha nyuma ya magunia ya unga wa mahindi. Yeye ndiye aliyenisalimu. Alisema amesikia habari za kamati. Nikajiandaa kutukanwa. Akasema, "Mimi simchukii mwalimu wenu, Ma. Nafundisha historia, hesabu siziwezi. Nataka darasa tu." Akalipia mkate wake, akaaga kwa lile neno la vijana wa huku, sharp, akaondoka. Blauzi yake ilikuwa imepigwa pasi, Jumamosi, kwenda dukani.

Tangu hapo ndiyo situlii.

Najaribu kuwaweka wale wagombea wawili kwenye meza moja, kama ninavyoweka vitambaa viwili kuona kipi kitasinyaa kikiingia maji. Motsamai ameona karakana yangu lakini hakuona darasa la binti yangu. Bibi Fortuin ameona darasa, karakana ameifunua kama ukurasa. Motsamai anampa Lerato kazi, ila si ile ya Ilunga, maana hawezi kuifanya, mwenyewe kasema. Fortuin anamleta Ilunga na wenzake, Lerato hamtaji. Na kila mmoja wao anasema ukuaji wa uchumi, ukuaji wa uchumi, kana kwamba ni mmea mmoja. Kwangu mimi uchumi ni Furaha awe na shati la kushona Jumatatu. Kwa Neema ni kufaulu aljebra. Ni nyumba moja, na bado sijui nitapigaje kura moja.

Jaribu lenyewe ni hili, na ninaliandika ili nilione: nikimpa Motsamai, ninajilipa mimi na mafundi wangu, na ninamfungia mlango Ilunga mwingine ambaye hajafika bado. Nikimpa Fortuin, nitamtazama Furaha usoni nimwambie nini? Kwamba soko litaamua?

Kuna wakati nafikiri nisiende kabisa. Kisha nakumbuka mama mkwe, aliyevaa kofia ya kanisani kwenda kupiga kura yake ya kwanza uzeeni, akasimama mstarini tangu alfajiri, akakataa kiti. Siwezi kubaki nyumbani.

Leo baada ya kanisa Themba alikaa uani kusafisha viatu vyake vya kazi. Watu wa Motsamai hawajapiga simu tangu ule mkutano, naye Themba hajampigia rafiki yake. Nilikuwa naanika nguo kabla mvua haijaja. Akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Utampa nani?"

Miaka yote huku hajawahi kuniuliza. Alikuwa anasema "tunampa fulani", nami naenda nachora alama. Nilitoa kibanio cha nguo mdomoni.

"Sijui," nikasema.

Akaendelea kusugua kiatu kile kile ambacho kilishang'aa zamani. "Hata mimi," akasema.

Mvua ikaanza kudondoka matone makubwa. Tukakimbizana kuanua nguo, yeye mikono ina rangi ya viatu, akalichafua shuka moja jeupe, na tukacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

Basi hivi ndivyo nilivyoamua, shajara, na ninaandika ili nisije nikakwepa. Kesho siendi karakanani asubuhi. Nakwenda ofisi ya Motsamai, kisha ofisi ya Fortuin. Kwa Motsamai nitauliza nani atafundisha. Kwa Fortuin nitauliza nani atanunua. Kwa wote wawili nitauliza habari za Lerato. Jina lake sitalitaja mpaka nimwombe ruhusa. Na nitakaa kwenye benchi lao mpaka mtu anijibu kitu ambacho si "tutampata" wala "soko".

Nimemsomea Themba kipande hiki cha mwisho kwa sauti, kutoka sebuleni.

Ameuliza tunaondoka saa ngapi.